Sentensi Yangu ya Neno Inadi

Wiki iliyopita, katika shule ninayofundisha hapa Chanji, mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole akaniuliza maana ya neno "inadi", alilolikuta akipekua kamusi. Nilimjibu kwamba ni ukaidi wa kusudi, wa mtu anayeamriwa na mkubwa naye akasimama palepale. "Basi tutungie sentensi, mwalimu," akasema. Nilishika chaki, ndugu msomaji, na nisiandike kitu. Sentensi niliyokuwa nayo niliitunga nikiwa darasa la tano, na mpaka leo inaniuma.

Nililelewa na bibi katika kijiji cha uwanda wa juu, ambako baridi ya asubuhi iliingia hadi kwenye mifupa, na moshi wa jikoni ulikaa ndani ya sweta zetu hata kanisani. Kwa Kifipa nilitumwa maji, kwa Kifipa niligombezwa, na kwa Kifipa niliitwa kwenye ugali wa ulezi na maharage yaliyochemka tangu alfajiri. Lakini tulipovuka uzio wa shule, lugha hiyo ilikuwa kosa. Aliyeponyokwa na neno lake alivishwa kibao cha mti chenye kamba. Njia ya kukivua ilikuwa moja: kutega sikio, kumnasa mwingine, na kumvisha yeye. Aliyekutwa nacho jioni aliteka maji ya nyumba za walimu.

Siku moja tukipalilia mahindi ya shule, kibao kilikuwa shingoni mwa binti wa jirani yetu, niliyekaa naye dawati moja. Jembe liliniteleza likanigonga kidole cha mguu, nami nikamwita bibi yangu kwa Kifipa, kwa sauti ya kulia.

"Mvishe! Mvishe huyo!" wenzetu wakashangilia.

Binti wa jirani hakuinua hata kichwa. "Mimi sijasikia kitu. Palilieni, mvua inakuja."

Jioni aliteka maji. Kesho yake alimsikia mwingine, akanyamaza, akateka tena. Tukaelewa kwamba kibao kimepata mwenyewe. Uwanja wa mapumziko ukafunguka: tukataniana, tukatukanana na kuimba kwa Kifipa, huku wavulana wakimzomea, "Dada kibao, masikio umeyaacha nyumbani?" Naye akijibu, "Nimeyaanika, yakikauka nitawasikia."

Mwalimu wetu wa Kiswahili hakuwa mtu mkatili. Aliamini kwa dhati kwamba anatufungulia dunia. Alipogundua kinachoendelea alimpa binti masharti: awataje aliowasikia, au akibebe kibao hadi shule ifungwe. Binti akakiweka sawa kibao shingoni. Ndipo mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa, akaandika INADI ubaoni kwa herufi kubwa, na kutukumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila mmoja alipaswa kutunga sentensi na kuisoma kwa sauti.

"Inadi ya mtu mmoja huchafua darasa zima." Makofi.

"Baba alimuuza mbuzi kwa sababu ya inadi yake." Kicheko.

Binti alitazama dirishani kana kwamba anayezungumzwa ni mbuzi kweli. Nilipofikiwa mimi, nilisimama na kusoma: "Mwenzetu hana inadi, bali ananificha mimi niliyesema Kifipa shambani."

Niliamini nimetenda jambo jema kuliko yote maishani mwangu. Mwalimu aliisifu sentensi, akaisifu "bali" iliyokaa mahali pake, kisha akamvua mwenzangu kibao na kunivisha mimi. Kilikuwa bado na joto lake.

Wakati wa mapumziko binti alinifuata. "Nani alikutuma?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Nilikuambia nimechoka?"

Mchana huohuo nilimsikia mtoto wa darasa la kwanza akimwita dada yake kwa Kifipa, nami, niliyekuwa nimesifiwa asubuhi, nikamvisha yeye. Alilia. Naye akamvizia mwingine, na mwingine akamvizia mwingine, hata uwanja ukarudia kunong'ona. Bibi aliposimuliwa hakunigombeza. Alisema tu, "Mwenzio alikuwa amewafunika wote. Wewe ukavuta blanketi."

Tangu siku hiyo binti wa jirani alizungumza nami kwa Kiswahili peke yake, hata kisimani, hata msibani kwa bibi yangu. Hakuninunia. Aliniamkia vizuri, kwa adabu ya ofisini.

Siku hizi vibao havipo, na sijui vilitoweka lini. Havihitajiki tena. Niliwaomba wanafunzi wangu wanitajie ulezi kwa Kifipa, wakatazamana na kucheka. Najiambia kwamba sentensi moja ya mtoto haiwezi kuua lugha. Najiambia hivyo mara nyingi mno.

Mwezi uliopita niliteremka Muze, bondeni, na kumkuta yule binti wa jirani anauza mchele sokoni. Nilimsalimu kwa Kifipa, maneno yakinikwamakwama.

"Salama, mwalimu," akanijibu. "Karibu mchele."

Kisha akamgeukia mama wa meza ya jirani, akamwambia jambo kwa Kifipa, harakaharaka, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilibaki nimesimama palepale na mfuko wangu mtupu, nikisikiliza.