Siku Foleni Nzima Ilipogeuka Rwegasira

Jamani, mkasa huu bora niusimulie mwenyewe kabla hamjausikia kwa watu wa Nyaishozi, maana wao wanautia chumvi mpaka mtadhani nilichoma ghala, na mimi sikuchoma kitu, nilijiaibisha tu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke niingie na laptop yangu kwapani.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na siyo hizi za kwenye simu zenye picha nzuri, naandika zile za chini kabisa zinazoiambia mashine iweke nini wapi kwenye kumbukumbu yake (mama yangu akiulizwa nafanya kazi gani anajibu "anafundisha vyuma," na nimeshachoka kumsahihisha). Basi nikatengeneza mzani wa kahawa, ndani yake mfumo endeshi mdogo nilioandika mwenyewe, na ukutani kioo kikubwa kinachoonyesha majina ya walio kwenye foleni. Aliye juu kabisa anapima, karatasi inatoka na jina lake na kilo zake. Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huko kwetu Karagwe, jina naliacha, kikakubali kuujaribu kwa siku moja tu, na wakisharidhika ndipo wauchukue. Wakulima wetu wamepunjwa na mizani mpaka wakiuona mzani wowote wanakunja uso, na mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiapa kwamba huu wa binti yake hauibi. Mimi ningekataliwa ningerudi zangu mjini. Yeye angebaki pale na majirani na maneno yao.

Asubuhi ya siku yenyewe, kwenye ghala la chama, mwenyekiti wao, mzee mpole sana, akanivuta pembeni.

"Adela mwanangu, na wazee je? Hapa kwetu mzee hapangi foleni. Akifika anawekwa mbele."

Nilikuwa nimesahau! Mtoto wa Karagwe kabisa, nimelelewa kwa kumpisha kila mwenye fimbo, nikaandika foleni ya watu wasiozeeka. Hapo ningesema tu, "Leo karani awaite wazee kwa mdomo, nitarekebisha kesho," mambo yangekwisha. Lakini mimi na sifa! Nikamjibu, "Dakika kumi tu mzee," nikafungua laptop juu ya magunia.

Sasa nieleze kidogo, msinikimbie. Ndani ya mashine foleni ile ni vyumba vilivyopangana, kila chumba na jina lake. Mtu akishapima, jina la pili linanakiliwa chumba cha kwanza, la tatu chumba cha pili, mpaka mwisho, na kazi hiyo ukianzia mbele haina shida kwa sababu chumba unachoandikia mwenyewe ameshaondoka. Hilo nilikuwa nimelijaribu mpaka nikachoka. Asubuhi ile nikachukua mistari ileile, nikaigeuza isukume majina kurudi nyuma ili mzee apate nafasi, ila nikaiacha ianzie palepale mbele. (Njia salama ipo, inaangalia kwanza majina yanaelekea upande gani ndipo ichague pa kuanzia, naijua vizuri, nimeshawafundisha wenzangu kwa mbwembwe, lakini niliiona ndefu.) Nikamwonyesha karani kitufe kipya. Nikajiona fundi.

Upimaji ulianza vizuri, watu wamekaa kwenye benchi refu na kahawa yao ya maganda miguuni, mama yangu akinitazama kwa majivuno mpaka naona haya. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa amebaki Rwegasira, mwanamume wa Ihanda anayependa utani kuliko chakula, na nyuma yake mama. Mara bodaboda ikasimama, akateremka bibi Kokugonza na kiroba chake. "Shikamoo bibi!" "Marahaba wajukuu zangu." Karani akabonyeza kitufe.

Juu likatokea Kokugonza. Chini yake Rwegasira. Chini yake Rwegasira. Rwegasira, Rwegasira, Rwegasira, mpaka chini kabisa ya kioo.

Maana jina lake liliingia chumba cha mama kabla la mama halijahamishwa, halafu mashine ikaenda kwenye chumba hicho kunakili jina la mama, ikamkuta Rwegasira, ikambeba huyohuyo kwenda chumba kinachofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikasema neno ambalo hadi leo najilaumu: "Ni kioo tu kinasumbua, ndani kuko sawa. Endeleeni." Kumbe nilikuwa sijaangalia hata kidogo!

Bibi akapima, sawa. Rwegasira akapima, sawa. Mama akaweka gunia lake, karatasi ikatoka, karani akaisoma kwa sauti: "Rwegasira."

Kicheko kilikatika pale pale. "Wizi!" mtu akapiga kelele. "Ni ileile mizani, imevaa nguo mpya!" Rwegasira naye, badala ya kunisaidia, akainua mikono: "Waitu, jamani, kama mashine imesema, mimi ni nani nibishe?" Mama alishika karatasi ile, akaniangalia mara moja, akainamisha kichwa, na nawaambieni, ningeweza kuvumilia matusi yote ya ghala lile lakini siyo kile kichwa. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mwanangu, zima. Ufungashe."

Nikaanza kuchomoa waya huku machozi yananilenga. Bibi Kokugonza alikuwa ameshapima lakini hakuwa na mpango wa kuukosa ugomvi, akataka kukaa, na Rwegasira aliyekaa mwanzo wa benchi akajisukuma kwa haraka kumpisha, nusura amkalie mama mapajani.

"We Rwegasira, unamkalia mtu!" bibi akamfokea. "Wa mwisho asogee kwanza!"

Benchi zima likasogea kuanzia mwisho, mmoja mmoja, bibi akakaa. Nikasimama na waya mkononi. Ndicho hasa nilichoshindwa kuandika.

"Mwenyekiti, nakuomba," nikasema mbele ya wote, "kosa ni langu, siyo kioo, nimewadanganya. Nipeni nafasi moja." Akawatazama watu, akanitazama, akaketi. Safari hii niliandika ile njia ndefu: kama majina yanakwenda nyuma na vyumba yanakotoka na yanakokwenda vinapandiana, anza na wa mwisho, kama yanakwenda mbele, anza na wa kwanza. Nikaisoma tena na tena kabla ya kuiwasha, majina yakaandikwa upya, karatasi ya mama ikachanwa. Kilichobaki kilikuwa kumpata mzee wa kujaribia, na barabarani hapakuwa na mzee.

"Basi nitoke niingie tena," bibi akasema, akachukua fimbo yake, akatoka mpaka barabarani, akageuka, akaingia kwa madaha. Watu wakamwamkia upya, akaitikia upya. Karani akabonyeza.

Kokugonza juu. Majina yote yakashuka hatua moja, kila mtu na lake, na ghala zima likasimama kuonyeshana, "Mimi yule!" "Na mimi yule pale!" Mama ndiye aliyechelewa, macho yake siku hizi hayaoni mbali.

"Mimi nipo?" akaniuliza taratibu.

"Upo, mama."

Karani akaliondoa jina la bibi, aliyekuwa ameshapima, na mama akanyanyuka, akaweka gunia lake kwenye mzani mbele ya wote, wa kwanza kuuamini tena.

Mzani upo pale hadi leo. Nami nimeapa, sinakili hata herufi moja kwenye kumbukumbu ya mashine kabla sijaangalia inakotoka na inakokwenda, na sitamwambia tena mkulima kwamba ndani ni sawa kabla sijatazama ndani. Jina ndilo limekataa kunitoka. Nikipita Ihanda vijana wa bodaboda wananipungia, "Shikamoo Rwegasira!" Na mimi, nifanyeje, naitikia.