Kamba ya Orpa

Kama ulipitaka Butembo mu ile miaka ya vita na ulikuwa na njaa, pengine ulikulaka kwangu. Kibanda yangu ilikuwa nyuma ya soko, mabati nane, meza mbili, ugali ya muhogo yenye tunaita bundu, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na samaki ya Kyavinyonge kama barabara ya kutoka ku ziwa ilikuwa wazi. Jina yangu ni Jokébed. Batu banasema niko na kinywa mubaya, na ni kweli, mais hakuna mutu mwenye alitokaka kwangu na njaa. Leo sisemi juu yangu. Nasema juu ya Kavuo, mwenye alikuwa anashona nguo mu kibanda ya pembeni yangu, juu tulimuzika mwezi jana, na ku kilio kila mutu alisimama kumusifu. Mimi nilinyamaza. Donc muniache niseme sasa.

Kavuo alikuwa mwanamuke mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi ku sikio moja, pini kati ya meno tangu asubui. Alikuwa na kiburi ya kazi mpaka ilikuwa inanikasirisha. Mukubwa wa soko ao muke ya mwalimu, kwake ilikuwa moja: utakuja mara tatu kujaribu nguo, utasimama wima, utainua mikono, utanyamaza. Ukisema inatosha, anakujibu: "Inatosha kwako, haitoshi kwangu." Na nguo yake ilikuwa inajulikana kwa mbali. Ukiona libaya, ile blauzi ya bamama, yenye mabega imesimama na mugongo haina makunyanzi, unajua ni mukono ya Kavuo.

Kitu moja alikataaka kabisa, ilikuwa kamba. Batu ya mbali, ya Eringeti, ya Luofu, habakuwa na nafasi ya kuja mara tatu. Banapima mwili na kamba: fundo ya kwanza ni kifua, ya pili ni kiuno, ya tatu ni matako, ya ine ni urefu mpaka chini. Banaipatia shofere, fundi anashona, nguo inarudi na lori ile ile. Bafundi bote ya Butembo balikuwa banapokea. Kavuo alikuwa anairudisha mu mukono ya shofere. "Mimi sishonake kamba," anasema. "Nashonaka mutu."

Alikuwa na mudogo yake mumoja tu, Orpa. Mama yabo alikufa wakati Orpa angali anatambaa, na Kavuo njo alimulea. Orpa aliolewa kule Eringeti na Élisée, mulimaji ya mpunga, mwanaume ya kimya. Mais roho yake ilibaki huku mu ville. Kila mara alishukaka Butembo, programu ilikuwa moja. Anakuja kwangu kwanza, anakula kichwa ya samaki mpaka mifupa inabaki myeupe, analamba vidole mbele ya batu bila haya. Kiisha, kama ni samedi, ni kusema jumamosi, siku ya arusi, tunaenda batatu ku rond-point, pale barabara zinakutana, kuangalia magari inapita kwa mustari, fanfare ya tarumbeta mbele, maua ku vioo, bibi-arusi anashuka apigwe foto. Hakuna mwenye alitualika, na hatukuwa na aibu. Pale Kavuo alikuwa anafundisha: muangalie ile mikono, ameweka pamba mingi, muangalie yule, kitambaa ya kikwembe ni ya bei na fundi ameiua. Orpa anacheka mpaka anajishika mbavu. Mangaribi tunapita kanisani kusikiliza korali inarudilia nyimbo, na habakosi kumuita Orpa asimame nabo, juu aliimbaka pale wakati alikuwa musichana. Mimi sipendake kusifu batu, mais wakati Orpa alikuwa anaimba nilikuwa naacha kutafuna karanga.

Mwisho ya mwaka elfu mbili na mbili vita ilikuwa inawaka upande ya Ituri. Batu balikuwa banateremuka na matandiko ku kichwa, banafika Eringeti, banapita mpaka Beni. Sisi ya Butembo tulikuwa tunasikia ku radio na ku kinywa ya bashofere. Na arusi iliendelea. Kuko batu benye banafikiri wakati ya vita mutu anasahau nguo. Habakuishi mu vita. Tulikuwa tunataka kupendeza kuliko mbele, na tulikuwa tunakula samaki kila mara sawa ni ya mwisho, juu iliweza kuwa ya mwisho kweli.

Ile mwaka korali ilikuwa inatimiza miaka makumi mbili na tano. Konseri ilipangwa samedi moja ya mwezi ya kumi na mbili, na kikwembe ilichaguliwa: kijani, na ndege ndogo ya manjano. Baimbaji bote ya zamani baliitwa. Orpa alipewa wimbo ya kuimba peke yake. Ilikuwa miaka mbili hajafika Butembo juu ya hatari ya barabara, na sasa atasimama mbele ya muji muzima na nguo ya yaya yake, dada yake mukubwa, ku mwili. Kavuo hakuwa na habari ingine. Alikuwa anachora mikono ya ile nguo ku karatasi yangu ya kufungia mandazi, mpaka nilimugombeza.

Juma moja na nusu mbele ya konseri, Ézéchias, shofere ya lori ya Eringeti, alisimama ku mulango ya Kavuo na kamba na barua mu mukono. Nilikuwa pale, namupelekea chai. Barua ilisema: "Yaya, mpunga iko inaanikwa, sitaweza kutoka mapema. Nitafika samedi yenyewe asubui, pamoja na malori yote. Unishonee kwa hii kamba. Nimekonda kidogo, hapana kunicheka."

Kavuo aliisoma mara mbili.

"Ézéchias, utamuambia afike mercredi, siku tatu mbele ya konseri. Samedi mangaribi anaimba, nitamujaribisha saa ngapi?"

"Mama Kavuo, si kamba iko hapa."

"Naiona. Umuambie hivi: kama mercredi hayuko mbele yangu, sikate kitambaa. Ataimba na nguo yake ya shamba."

Alisema vile na kicheko kidogo ku pembe ya kinywa. Mwenye alimujua, alijua atashona tu. Mais kwa mara ya kwanza hakurudisha kamba. Aliitundika ku musumari, pembeni ya makasi, juu ilikuwa ya mudogo yake.

Sasa musikie yenye mimi nilifanya.

Nilimufuata Ézéchias mpaka ku lori na mandazi mu karatasi. Alishika mulango ya lori, akaniambia: "Mama Jokébed, umusemeshe mwenzako. Samedi tunaendaka malori saba, nane, pamoja, na basoda mbele. Mercredi niko peke yangu mu ile pori. Ile haiko siku ya kumuita mutu."

Nilimucheka. Nilimuambia mwanaume muzima anaogopa majani. Nilimuambia asimupelekee Orpa ile maneno, amupelekee yangu: kwamba kesho ya mercredi, jeudi, hata kama haiko siku ya arusi, binti ya mutajiri moja ya soko anaolewa, magari makumi mbili, fanfare ya kutoka Beni, na kichwa ya samaki nimeshaiweka kando. Niliona bado haitoshi, nikaongeza uongo. Nilisema: "Umuambie yaya yake analia. Tangu ameona kamba, analia tu." Kavuo hakuwa analia. Alikuwa ndani anatafuta uzi ya manjano. Mimi nilitaka tu mutoto afike mapema, tusimame batatu ku rond-point sawa zamani, na nilijua Orpa hawezi kusikia kwamba Yaya analia na abaki ku mpunga.

Mercredi nilipika tangu asubui. Bundu ilipoa, nikapika ingine, ikapoa nayo. Tulijiambia ni matope ya barabara. Jeudi saa sita ya muchana arusi ya binti ya mutajiri ilikuwa inapita, fanfare inapiga kwa nguvu, bamama bote ya soko bametoka kuangalia, na mu katikati ya ile makelele shofere moja ya Beni alikuja kwetu na kofia mu mikono. Lori ya Ézéchias ilisimamishwa mu pori mbele ya kufika Oicha. Batu ya bunduki. Hakujua ni ya upande gani, na hata leo hatujue. Ézéchias alikufa, na bengine batatu, na Orpa. Balibapeleka Beni, ku nyumba ya maiti.

Kavuo alitoa pini mu kinywa, moja moja, akazipanga ku meza. Nilifikiri atapiga kelele. Alienda ku musumari, akatoa kamba. Alitandika ile kikwembe ya kijani, akanyoosha kamba juu yake, akaanza kutafuta mafundo na kidole.

"Kavuo, unafanya nini?"

"Nashona."

"Acha kwanza. Tulie kwanza."

"Ataenda namna gani, na nguo ya shamba?"

Alishona mpaka jua ikaingia. Hakuruka kitu. Mikono ya kuvimba sawa alivyoichora, ukosi, hata kitambaa ya ndani yenye hakuna mutu anaionaka. Ile magari ilirudi kupita mara mbili na fanfare yake, na mimi nilisimama ku mulango naichukia.

Kesho yake asubui tulifika Beni. Élisée, bwana ya Orpa, alikuwa ameikala chini ku ukuta na hakuweza kusimama atusalimie. Kavuo aliingia moja kwa moja. Mimi nilibaki kidogo na Élisée, nikamushika bega, na akaniambia bila kuniangalia: "Aliacha mpunga ku mukeka. Nilimuambia angoje malori ya samedi. Akasema hapana, Yaya analia." Kavuo alikuwa ndani, hakusikia. Niliingia.

Bamama balikuwa bamemuosha. Tulimuvalisha mimi na Kavuo. Nguo ilimuenea. Kavuo alipitisha mukono ku mabega, chini ya kwapa, ku kiuno, akarudia tena kutoka mwanzo. Alikuwa anatafuta kosa. Nilimuelewa: alikuwa anaomba iwe kubwa, ao imubane mahali, hata kwa upana ya kidole moja, ili kuwe na sababu ya kumuita mercredi. Hakukuwa hata mahali ya kutia pini. Libaya ilikaa vizuri sawa vile Orpa alikuja mara tatu na akasimama mbele ya kioo.

"Kamba ilitosha," Kavuo alisema.

Hakulia mbele yangu, si ile siku, si kiisha pale. Mimi nililia mpaka bamama ya Beni, batu habanijue, banaanza kunipa pole kuliko yeye.

Konseri ilifanyika ile samedi, juu kiongozi ya korali alisema kama tunangoja siku yenye haina maiti, hatutaimba tena. Asubui yake malori saba ya upande ya Eringeti yaliingia Butembo salama, moja nyuma ya ingine. Nilisimama ku barabara nikayahesabu. Wakati ya wimbo ya Orpa ilifika, korali yote ilisimama kimya mu ile kijani, urefu ya wimbo muzima, kiisha ikaendelea na yenye ilifuata. Kavuo hakuwako. Ku rond-point nako hakufika tena hata siku moja, na mimi peke yangu sikuweza kwenda kucheka nguo za batu.

Kutoka pale alianza kupokea kamba. Ya Luofu, ya Vuhovi, ya Eringeti wakati barabara ilitulia, hakurudisha hata moja. Zilijaa ku ukuta. Hata bamama ya hapa hapa mu ville, aliwapima mara moja, akawaambia inatosha. Bengine balisema Kavuo amechoka, kiburi imeisha. Nilibagombeza mimi. Saa sita alikuwa anakuja kwangu, namuwekea kichwa ya samaki, anaisukuma kando na kidole na anakula maharagi. Na kila mara akimaliza: "Jokébed, bila wewe ningekuwa wapi." Mimi napangusa meza, hata kama meza ni safi.

Mara ngapi nilijiambia leo nitasema. Hii kinywa yangu yenye haikuogopa basoda ku barrière ya barabara, yenye haikuogopa mukubwa wa soko, ilikuwa inafika pale na inafunga. Élisée hakurudi tena Butembo. Ézéchias amekufa. Hakukuwa mutu mwingine wa kusema isipokuwa mimi.

Mwezi jana, wakati hakuweza tena kutoka ku kitanda, nilimupelekea supu ya samaki. Nilimuinua, nikamuegemeza ku bega yangu. Alikuwa mwepesi sana. Akasema polepole:

"Nitamuona Orpa. Nitamuambia nini, Jokébed? Nilimuita mimi peke yangu. Juu ya pini."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na maneno yote tayari, nimeyabeba tangu ile siku: hapana, Kavuo, haukuwa peke yako, Ézéchias alinionya na mimi nilimunyamazisha, mimi njo nilisema unalia. Angeenda na nusu ya muzigo. Nilichovya kijiko mu supu.

"Kula," nilimuambia. "Itapoa."

Alikula vijiko viwili juu ya kunipendeza, na akasema supu ni muzuri.