Wimbo Uliokuwa wa Ng'ombe

Nilifika nyumbani Molo saa ya kukamua na zizi lilikuwa kimya. Wewe ambaye hukulelewa kwetu huenda usione ajabu yoyote hapo. Lakini tangu nipate akili zangu, saa kumi na moja jioni kwetu ilikuwa na sauti yake, na ningeweza kuisikia kutoka barabarani, kabla hata sijaliona paa la mabati. Siku hiyo nilisikia mbwa wa jirani tu, na maziwa yakidondoka kwa shida ndani ya ndoo. Nikasimama langoni na gitaa mgongoni, nikiona haya kuingia nyumba niliyozaliwa.

Mama mdogo alikuwa amenipigia simu juma lililotangulia. Aliniambia nije nione mwenyewe, kwa sababu Gogo hataniambia kitu.

Gogo ndiye nyanya yangu, mama yake mama. Mama alikuwa kibarua katika mashamba ya maua Naivasha, akaniacha kwake ningali mdogo, na sijui kama nilimlilia hata wiki moja. Nilikuwa na Gogo, na Gogo alikuwa na ng'ombe. Asubuhi za Molo unazijua? Sakitu imetanda juu ya majani ya viazi, vidole havikunjiki, moshi wa jikoni unakataa kupanda. Tulikuwa tukitoka tumejifunika gunia moja, yeye na ndoo na kopo la mafuta ya kukamulia, mimi na kamba ya ndama. Kazi yangu ilikuwa kumzuia ndama asimalize maziwa. Nilimkumbatia shingo, naye akanilamba mashavu mpaka yakawasha. Tukirudi ndani kulikuwa na viazi vilivyookwa kwenye majivu, na chai nzito ambayo leo siipati katika hoteli yoyote ya Nakuru, hata zile zinazoniandikia jina langu mlangoni.

Na kulikuwa na wimbo. Gogo aliolewa akiwa na mtamba aliyepewa na mama yake, na pamoja na mtamba huyo alipewa wimbo wake. Ndivyo walivyofanya wanawake wa kwao. Ng'ombe hakutolewa bila wimbo, maana bila huo angeficha maziwa. Ndama jike alisimama kando ya mama yake akiusikia kila siku, na alipokua na kuzaa naye, alikuwa ameshaujua. Kwa hiyo wimbo haukuwa wa Gogo. Ulikuwa wa ukoo ule wa ng'ombe, na Gogo aliushika tu, kama alivyoshika ndoo.

Maneno yalikuwa machache. Tulia mama, achilia, achilia kidogo, mtoto amesimama hapa. Lakini ile sauti! Ilianzia juu, ikashuka polepole, ikasita mahali ambapo si huku wala si kule, halafu ikaguna. Chini yake mikono ilikuwa ikienda, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na maziwa yakipiga ndoo. Ndoo ikiwa tupu yalilia kwa ukali, na ilipojaa yakawa na sauti nzito ya povu. Ng'ombe alifumba macho. Mimi pia nilifumba, nimeegemea ndama.

Gogo hakuuimba mahali pengine popote. Alikuwa mwimbaji mkubwa kanisani, aliimba akichambua maharagwe, aliimba akimsengenya pasta, lakini ule hakuugusa mpaka mkono uwe kwenye chuchu. Siku moja nilikuwa nikisugua masufuria nikauvumisha puani bila kufikiri. Alikuja akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka maziwa. Hakuwa na hasira. "Usimuite bure," akasema. "Ukimuita, uwe na kitu ya kumfanyia." Nilicheka. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Gitaa nililikuta sekondari, la chama cha Wakristo, halina uzi mmoja. Wenzangu walihangaika na vidole, mimi vyangu vilikwenda vyenyewe, kidole gumba chini na cha shahada juu, kulia, kushoto, kwa mwendo ule ule wa zizini. Nilipoenda chuo Nakuru, rafiki yangu mmoja aliyependa muziki wa zamani aliniwekea blues, nyimbo za watu weusi wa Marekani waliolima pamba ya wenyewe. Sikuelewa nusu ya maneno. Lakini sauti iliposhuka na kusita pale pale, nywele zilinisimama. Nikamwambia huyu mtu amekamua ng'ombe. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Wiki hiyo nikatunga wimbo. Nasema nikatunga, maana ndivyo ninavyosema nikihojiwa. Ukweli ni kwamba nilimwondoa ng'ombe nikamweka mwanamume. Tulia mpenzi, achilia. Tuliurekodi chumbani kwa rafiki yangu, magodoro yakiegemezwa ukutani, na sikuwa nimeumaliza moyoni redio ikaanza kuupiga. Nikaitwa kuimba Gilgil, kisha Naivasha, kisha Nairobi. Watu wasiojua neno moja la lugha yetu walilia. Mtangazaji mmoja aliniuliza ni akina nani walionifundisha, nikataja Wamarekani watatu niliokuwa nimewasikia mwaka uliopita. Sikumtaja Gogo. Nilijua anasikiliza, na bado sikumtaja. Hadi leo nikikumbuka naona joto masikioni.

Lakini Gogo hakuumia kwa jina. Hilo nilielewa jioni ile nilipoingia zizini.

Alikuwa amechuchumaa chini ya mjukuu wa yule ng'ombe wa utoto wangu, mweusi kama bibi yake, mwenye baka lile lile jeupe. Kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja. Chuchu mbili zilikuwa zimekufa. Alinisalimia, akauliza habari za Nakuru, akauliza kama nimekula. Nilipouliza mbona haimbi, aliendelea kukamua kwanza. Halafu akanieleza taratibu, bila kuinua macho.

Wimbo wangu ulipotoka, majirani walifurahi kuliko mimi. Kila ulipopigwa, redio zote za ule mteremko zilifunguliwa mpaka mwisho, ili Gogo asikie mtoto wake. Na ng'ombe naye alisikia. Alisimama malishoni saa sita mchana akaachilia maziwa kwenye nyasi. Watu walikuja kutazama, wakacheka sana, wakasema hata ng'ombe ni shabiki. Gogo alikimbia na ndoo mara nyingi kadiri alivyoweza. Ikawa hivyo majuma kadhaa, ng'ombe anaitwa na hakuna anayekuja. Mwishowe akaacha kuitikia. Gogo akiimba, anaendelea kutafuna tu. Maziwa yakabaki ndani, yakageuka ugonjwa.

"Huyu hajui tena kama ni mimi ama ni redio," akasema.

Nilipiga magoti kwenye samadi na suruali yangu ya jukwaani, nikaomba msamaha. Nilimwambia nitawaambia wauondoe wimbo kila mahali, ingawa nilijua hauwezi kuondoka tena. Alinitazama kama mtu anayengojea mtoto amalize kulia ili amtume dukani.

"Hiyo imeenda, mama," akasema. "Tafutia yeye ingine. Si hiyo ndio kazi yako?"

Akainuka, magoti yakilia, akaniachia kigoda. Nikapaka mafuta mikononi. Nikaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, penye joto, nikashika zile chuchu mbili zilizobaki. Mwanzoni sikupata kitu. Kila sauti niliyoanza ilikuwa ya jukwaani, imevaa viatu. Ng'ombe alitupa mguu. Nikanyamaza, nikafuata mikono, kulia, kushoto, na baada ya muda nikasikia kitu kidogo kikitoka kifuani, cha chini sana, kisicho na mpenzi wala pamba. Kilishuka, kikazunguka, kikarudi mahali nisipopatazamia. Masikio ya ng'ombe yakageuka nyuma. Nikahisi chuchu zikijaa mkononi, na maziwa yakaja, mengi, ndoo ikaanza kuongea.

Gogo alifunga macho. Sikuwa nimewahi kumwona akisikiliza. Siku zote yeye ndiye aliyeimba.

Ulikuwa wimbo mzuri, rafiki yangu. Naweza kukuambia bila majivuno kwamba sijapata mwingine kama huo, na kwamba nililijua hilo pale pale, nikiwa bado nimeushikilia mdomoni. Na nilipofungua macho nilikuta nakamua kwa mkono mmoja. Ule mwingine, wenye mafuta na maziwa, ulikuwa umeshaingia mfukoni na kuishika simu, kidole kikitafuta pale pa kurekodi.

Gogo alikuwa akiutazama mkono huo. Alichukua kigoda kingine, akakaa upande wa pili wa ng'ombe, akaanza kuuvumisha akinifuata polepole, akijifunza.

Maua ya pareto yaliyokuwa meupe kwenye mteremko wetu yamekwisha. Gari la maziwa halipandi tena mpaka langoni. Sasa wanawake wenye nyimbo za ng'ombe wamebaki wachache, na binti zao wanakamua huku wamevaa spika masikioni. Haya yote yangeondoka hata bila mimi, najua, na ningependa hilo linitulize. Kesho naimba Nakuru. Mama mdogo anasema ng'ombe anapona na Gogo anauimba kila jioni, mlango wa zizi ukiwa umefungwa. Sikuurekodi. Lakini leo asubuhi, nikipasha gitaa moto, vidole viliutafuta, vikaupata wote, na nikaacha viendelee mpaka mwisho.