Wali wa Kwanza wa Khoka Niliumeza Mimi

Chekeni tu, nimeshachoka kuikana aibu hii. Ni kweli, ndimi niliyekula wali wa mtoto mchanga mbele ya nyumba iliyojaa wageni, tena mtoto mwenyewe nimempakata, na huyo aliyewaambia kwamba nilikimbia uchi barabarani hakuwadanganya sana, amekosea kidogo tu, nitawaambia wapi.

Wakati ule, miaka ya Mwingereza, nilikuwa dresa kwenye hospitali ya mgodi wa dhahabu huku Geita, kazi yangu kuosha vidonda vya wachimbaji na kuvifunga. Daktari wetu alikuwa Mhindi wa Bengali, mpole, mwenye miwani mizito, tukimwita Baba Khoka baada ya kupata mtoto wa kiume. Mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili kabla ya huyo (maji ya moto siku zile nilibeba mimi, kilio chake nilikisikia), na tangu hapo aliniita Dada. Siku ya kwanza wagonjwa wodini walicheka mpaka mmoja akatonesha mshono, kumbe kwa Kibengali dada ni kaka mkubwa.

Basi mtoto alipotimiza miezi sita, daktari akaniita.

"Masanja, mke wangu anataka wewe uwe mama wa Khoka."

"Mama, daktari?"

"Kwetu mama ni mjomba. Wali wa kwanza mtoto hulishwa na mjomba wake, na ndugu wa mke wangu yuko Kalikata, kule India, hawezi kufika. Ni kesho. Ila usile kitu mpaka umlishe."

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, kwa sababu udongo ulikuwa umewaangukia watu shimoni, na tangu mchana wa jana yake sikuwa nimetia kitu mdomoni zaidi ya maji. Ningesema tu, "Daktari, nimechoka, mwili haunibebi," angenielewa, tungesogeza siku. Lakini heshima ile ya kuitwa mjomba ilinipanda kichwani, nikasema, "Ndiyo, daktari." Neno moja tu hilo.

Asubuhi wakanivisha dhoti, shuka jeupe refu linalokunjwa kiunoni na kupitishwa katikati ya miguu, halina mshipi wala kifungo, linakaa kwa imani. Mama Khoka akanipeleka jikoni nikoroge payesh isiungue wakati yeye anamvalisha mtoto. Payesh ni wali unaochemshwa ndani ya maziwa mpaka uwe mzito, na sukari guru, na iliki, na jani la mdalasini. Ule mvuke, jamani! Nikakoroga, nikanusa, nikakoroga, na kwetu mpishi asiyeonja ni mchawi, basi nikalamba mwiko. Nikaurudisha sufuriani. Nikalamba tena.

Mama Khoka akarudi, akautazama mwiko, akanitazama.

"Dada, hujaonja? Kikiguswa na mate ya mtu kwanza, kwetu ni eto, mtoto hapewi."

"Hapana, Mama Khoka," nikasema. (Mdomo bado mtamu.)

Sebuleni watu walijaa: wenye maduka, makarani wa mgodi, manesi, madresa wenzangu wameketi mstari wa mbele wakisubiri kumwona Dada akiwa mama. Na pembeni mama mzazi wa daktari, bibi kizee aliyesafiri kwa meli, kwa treni na kwa stima mpaka Mwanza kwa ajili ya saa ile tu, maana walikuwa wameitafuta saa njema, na saa yenyewe fupi. Wakaniwekea Khoka mapajani, kavalishwa taji jeupe kama bwana harusi, na bakuli la fedha mkononi mwangu.

Nikampelekea kijiko. Akafumba mdomo. Nikajaribu tena, akageuza uso. Mimi nimelea wadogo zangu sita, najua dawa yake ni kumwonyesha, basi nikafungua kinywa, nikasema, "Aaam, mjomba, hivi," nikakitia kijiko mdomoni mwangu mwenyewe, nia ikiwa kujifanya tu, lakini tumbo halikujua kujifanya, likameza. Na mkono ukarudi bakulini. Nilipozinduka nilikuwa kwenye kijiko cha nne.

Madresa wakaangua kicheko, bibi kizee akapiga ukelele, na Mama Khoka akanyanyuka, anasema, "Si kitu, si kitu, nitaleta kingine kutoka sufuriani."

Jamani, ningenyamaza nani angejua? Lakini nilizikumbuka zile mimba mbili. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Usiende, Mama Khoka. Na sufuria pia nimelamba."

Akaketi chini, akajifunika uso kwa ncha ya sari. Maziwa yalikuwa yamekwisha. Nikamkabidhi mtoto kwa baba yake, nikatoka mbio.

Nyuma ya kilima kulikuwa na mji, yaani boma la Msukuma mwenye ng'ombe. "Mwangaluka, mayo," nikamsalimu mama mwenye mji huku nahema, nikamweleza, naye bila maneno mengi akanijazia kibuyu. Kwenda, dhoti nililishika kwa mkono. Kurudi, mikono yote miwili iko kwenye kibuyu, na ndipo zamu ya usiku ikatoka, barabara nzima wachimbaji, na shuka likaanza kufunguka nyuma yangu kama bendeji.

"Dada! Gauni linakuacha!"

Nikachagua maziwa. (Ndani nilivaa kaptula. Hapo ndipo huyo aliyewaambia alipokosea.)

Saa njema ilikuwa imepita, mtoto kalala. Bibi kizee akanikagua toka kichwani mpaka miguuni, akasema kitu, daktari akatafsiri.

"Anauliza umekula lini mara ya mwisho."

"Juzi mchana, kabla ya zamu zangu mbili."

Yule bibi akajipiga paji la uso, akamgeukia mwanawe, akamfokea muda mrefu, kidole usoni, mpaka daktari akavua miwani.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema mimi ni daktari wa namna gani, namfungisha mtu aliyetoka zamu mbili."

Wakapika upya, sikusogea hata mlangoni pa jikoni. Khoka aliamka na njaa, akapokea kijiko cha kwanza mwenyewe kutoka mkononi mwangu, wanawake wa Kibengali wakapiga vigelegele sawasawa na wa kwetu, nami nimefumba mdomo mpaka taya linauma. Kisha Mama Khoka akaniletea sinia langu, wali, samaki na payesh, akasema, "Dada, kula." Nilishindwa kumeza hata tonge, nikalia mbele ya wote waliokwisha kunicheka.

Tangu siku ile, mtu akiniomba jambo nikiwa nimechoka, namwambia nimechoka, hata kama ni heshima ya namna gani. Na kuonja sufuria ya mwenzangu, naapa, sitaonja tena mpaka naingia kaburini.