Uso wa Revocatus Majini

Mdogo wangu Revocatus anabebaga samaki kwa baiskeli kutoka Musoma mpaka Buhemba, vilima vyote vile, kwa hiyo baiskeli haimsumbui. Kukimbia ndiyo usiseme. Shida yake ilikuwa maji. Tangu kaka yetu Gibson azame ziwani na mwili usionekane, Revocatus aliogelea kichwa juu kama mbwa, hataki kuangalia chini. Hata tulipotaka kumwekea Gibson msalaba, alitukatalia.

Mwaka jana alialikwa Kenya kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio za porini, nami nikamsindikiza. Ziwa ni lilelile letu. Ukizidisha dakika arobaini majini, unatolewa.

Nikamwambia, "Na hicho kichwa juu, watakutoa hujagusa baiskeli. Umesafiri mpaka Kenya kuja kuoga?"

"Dada, na nikimuona?"



Siku ya mashindano akabaki wa mwisho majini, kichwa juu, na mwenye saa ameshashika filimbi. Nikaingia majini mpaka magotini na gauni langu la kanisani, nikapiga kelele, "Revo! Mwangalie basi! Ni kaka yako!"

Akainamisha uso. Mikono ikaanza kukata maji. Alitoka ikiwa imebaki dakika moja, na kwenye baiskeli akawapita watu kumi na mmoja.

Alipomaliza mbio nikamuuliza, "Umeona nini?"

"Maji tu, dada."

Tuliporudi nyumbani, msalaba aliuchonga mwenyewe.