Fundi Mitambo wa Kikao cha Mawaziri

Fundi mitambo wa jumuiya yetu ya mataifa huongea na mawaziri kama anayebembeleza wajomba zake. "Mheshimiwa, washa kipaza sauti. Siyo hicho, mzee wangu. Hapo hapo, hongera!" Tangu janga litufungie majumbani, vikao vyote hufanyika mtandaoni na hupita mikononi mwake, mikono minene inayonukia dawa ya kutakasia na inayogusa vitufe taratibu. Kikao kikianza, haruhusiwi kusema lolote.

Juzi mwenyekiti alisoma pendekezo la kufunga mipaka yote, hata kwa malori ya oksijeni. Kwa kanuni zetu, asiyepinga huhesabiwa amekubali, na pingamizi moja huangusha pendekezo. Waziri wa nchi isiyo na bahari, ambayo hospitali zake zinategemea malori hayo, alitulia tuli kwenye skrini, mdomo wazi. "Hakuna pingamizi," mwenyekiti akasema, akainua nyundo.

"Samahani, mzee," fundi akadakia. "Huyo hajakubali. Mtandao umemkata."

Mimi, mwandishi wa kumbukumbu za kikao, nilidhani kazi hana tena. Mwenyekiti akaiweka nyundo pembeni. "Basi mrudishe, mwanangu. Tunamngoja."

Waziri akarudi akiwa bado anapiga kelele: "Napinga! Jamani, mnanisikia?"

"Tunakusikia vizuri sana, mheshimiwa," fundi akamjibu, na malori hayakufungiwa njia.