Kiberiti na Wifi Yake Juu ya Mlima

Pale kiwandani anakoshona sare za shule walimwita Kiberiti: mfupi, mwembamba, na hasira zake karibu. Mbio alizianza kwa sababu ya mgongo. Kuinamia cherehani kutwa kulikuwa kumempinda, basi asubuhi moja wifi yake, dada wa mumewe, karani wa benki mwenye kicheko cha kutikisa nyumba, akamtoa ndani kwa nguvu. "Twende tukainyooshe hiyo ndoano, wifi!" Tangu hapo hawakuachana.

Kiangazi kile wakajiandikisha mbio ndefu za milimani. Mumewe alinuna. "Jua hili mnalitafutia nini? Kuna mtu mmemkosea?" Wakamcheka, wakaenda.

Hadi kituo cha pili cha maji mambo yalikuwa shwari. Baada ya hapo njia ikatoka msituni, ikapanda mgongo wa mlima usio na hata kichaka. Joto lilipanda kutoka kwenye mawe likawapiga usoni. Ndipo Kiberiti akagundua jambo lililomkata maini: wifi yake, ambaye hupiga soga hata mlimani, alikuwa kimya. Na shati lake, lililokuwa limelowa jasho chepechepe, sasa lilikuwa kavu.

"Wifi, u mzima kweli?"

"Niko poa." Ulimi ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mara akaiacha njia, akaanza kuteremka upande wa korongo, taratibu tu, kama anayekwenda dukani. Kiberiti akamrukia, akamkamata shati. Wifi akageuka, akamtazama bila kumtambua.

"Mama, niache. Nimechelewa shule."

Mama huyo walikuwa wamemzika zamani.

Kiberiti akamkokota hadi penye jabali lenye kivuli cha kumtosha mtu mmoja. Yeye akabaki juani. Simu haikushika mtandao. Maji yalibaki kidogo tu chupani, na koo lake lilikuwa likiwaka, lakini aliyamimina yote shingoni na kwapani mwa wifi yake, akaanza kumpepea kwa kofia. Ngozi ile iliunguza kiganja. Akaogopa kumwacha akaite msaada, akaogopa kukaa. Akapiga filimbi yake ya dharura mpaka midomo ikafa ganzi.

Aliyetokea alikuwa mkimbiaji mzee, fundi bomba kwa kazi yake. Akawaachia maji yake yote.

"Nikimbilie mbele au nyuma?"

"Nyuma, baba! Kituo cha nyuma ndicho cha karibu!"

"Mlaze ubavu, binti, asije akapaliwa," akasema, na kutoweka.

Hata hajafika mbali, wifi akashikwa na degedege. Macho yakageuka meupe, visigino vikawa vinapiga mchanga. Kiberiti akamkinga kichwa kwa mapaja yake, akaanza kumfokea, maana kufoka ndiko alikokujua. "Ukinifia hapa, kaka yako atanila nyama! Unasikia? Nyama!" Sauti yake mwenyewe ikamtisha. Mwili ulipotulia aliogopa zaidi, akawa anaweka sikio puani, anasikiliza pumzi, anainua kichwa kutazama njia, hakuna mtu, anarudisha sikio.

Waokoaji walipofika na machela na barafu, ilibidi wamng'oe Kiberiti vidole kwenye lile shati.

Hospitali, mumewe hakumlaumu. Alikaa kando yake kwenye benchi, wote wawili wakiutazama mlango. Kesho yake mgonjwa akafumbua macho. Figo zilikuwa zimeumia, akalazwa wiki kadhaa, na ya mlimani hakukumbuka hata moja. La kwanza kumwuliza Kiberiti lilikuwa, "Tulimaliza?" Kiberiti akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, mpaka muuguzi akamtoa nje.

Wifi amerudi kukimbia, asubuhi za baridi tu, njia za tambarare. Kiberiti bado. Humsindikiza hadi getini, akamwambia maneno ya utani, kisha hukaa kizingitini, uzi mkononi na sindano haijatungwa, mpaka amwone anakata kona kurudi.